Herufi nene za kizamani, kwa unayeanza kazi ya kuchapa

Mnada wa korosho ukishafunguka na hela zikaingia, harusi za Mtwara zinapanga foleni. Mdogo wangu uliyeingia steshenari mwezi huu, jiandae: kila mwenye shughuli atataka kadi yenye "maandishi ya kifalme". Anachotaka ni ile fonti nene ya kizamani, yenye vijimguu kwenye ncha za herufi, mstari unavimba na kukonda kama wa kalamu ya wino.

Kabla hujagusa kompyuta, chonga kalamu ya mwanzi, ncha iwe bapa. Waliopita madrasa hawatahangaika. Ilaze ncha digrii 30 hivi kutoka kwenye mstari unaoandikia, uandike o bila kuzungusha kalamu vidoleni. Ifananishe na saa ya ukutani: penye 11 na 5 pamekonda, penye 2 na 8 pamenenepa. Unene umelala upande. Ndivyo zilivyo herufi za Nicolas Jenson, Mfaransa aliyekuwa akichapa vitabu Venice mwaka 1470, akifuata mkono wa waandishi wa zama zake. Fonti ikijiita ya kalamu huku unene wa o yake umesimama wima, mimi naiacha.

Sasa kosa langu. Mwaka wangu wa kwanza nilichapa kadi 150 kwa fonti nene ya kizamani, juu hadi chini, mistari ya mwisho saizi 8. Wino ukajaa matundu ya herufi. Kadi ilisema saa 8 mchana, lakini 8 ikishaziba haina tofauti na 6. Nusu ya wageni walifika saa 6, pilau haijaepuliwa. Mama wa bibi harusi alinipigia mara nne, na nakiri sikupokea.

Tangu siku hiyo unene huo nawapa maharusi majina yao tu, saizi 30 kwenda juu. Saa na ukumbi vinakwenda kwa fonti nyembamba ya kawaida. Na jina usiliandike lote kwa herufi kubwa: MWANAHAWA ni ukuta wa matofali, Mwanahawa inapumua.

Tarakimu nazo zichungulie mapema. Fonti nyingi za aina hii zina namba za kupanda na kushuka: 6 na 8 zinachomoza juu, 3, 4, 5, 7 na 9 zinaning'inia chini ya mstari. Kwenye tarehe zinapendeza. Kwenye namba ya simu mteja atakuambia printa yako mbovu.

Halafu kuna ng'. Niliwahi kutengeneza bango la mgahawa Mikindani, "Ng'onda na wali wa nazi". Ritifaa, yaani kile kialama cha ' kwenye ng', kwa fonti hii nene ni nzito na ina nafasi kubwa pembeni, kwa hiyo neno likakatika: Ng, kisha onda. Niliisogeza o kidogo kidogo, mpaka mwenye mgahawa akalisoma kwa sauti bila kusita.