Kabla ya kuhamisha ripoti, kubalianeni mwanafunzi ni nani

Siku tulipowasha mfumo mpya wa kumbukumbu za wanafunzi, ripoti ya kwanza ilitoa wanafunzi 212 zaidi ya ile ya zamani. Muhula uleule, siku ileile. Waliotuuzia mfumo wakasema wao hawana kosa, sisi tukaapa wa kwetu haujawahi kukosea, na kikao kikaenda hadi jioni.

Kumbe sote tulikuwa sawa. Mfumo wa zamani ulimruka aliyeahirisha masomo. Mpya ulimhesabu kwa kuwa namba yake ya usajili bado iko hai. Sharti hilo halikuandikwa popote isipokuwa ndani ya programu iliyotungwa na mtu aliyekwisha kustaafu. Na maswali yakaongezeka. Anayesoma kozi mbili ahesabiwe mara ngapi? Aliyemaliza mitihani ila hajahitimu je? Wahasibu wanamhesabu anayedaiwa ada, kitivo anayeingia darasani, watu wa mitihani mwenye matokeo.

Kwa hiyo msianze na data. Waketisheni hao wote meza moja, muandike kila neno lina maana gani, pamoja na tarehe ya kuhesabia. Wakati wa usajili, ripoti ya Jumatatu haiwezi kulingana na ya Ijumaa, basi gandisheni nakala moja na wote mtumie hiyo.

Excel nayo ina mitego yake. Namba ya usajili 00417 ikifunguliwa ovyo hubaki 417. Tarehe 03/04, yaani tatu Aprili, yaweza kugeuka nne Machi. Faili la xls, lile la kizamani, linaishia mstari wa 65,536, na matokeo yenye mstari mmoja kwa kila somo hufika hapo haraka kuliko unavyodhani.

Tulichochelewa kufanya ni kumuuliza mama wa masjala aliyekuwa akiandaa ripoti kila mwezi. Nilipomwendea hatimaye, alivuta droo akatoa daftari lenye gamba lililochakaa. Humo kulikuwa na orodha ya majina ya kufuta kwa mkono kabla ya kutuma: wanafunzi hewa walioingizwa na mafundi wa kompyuta walipokuwa wakijaribu mfumo. Wengi waliitwa Jaribio. Mmoja alikuwa mwaka wa nne.

Endesheni mifumo yote miwili sambamba muhula mzima, usajili hadi matokeo, mkilinganisha jina kwa jina. Sisi tulilinganisha jumla tu. Zilipolingana tukapeana mikono, tukauzima wa zamani. Wiki mbili baadaye kijana mmoja akasimama dirishani na risiti ya ada mkononi. Jina lake halikuwamo kwenye orodha ya wanaofanya mtihani. Nilipokagua mstari kwa mstari, aliyekuwa ameziba pengo lake kwenye jumla yetu ni Jaribio wa Tatu.