Jibu: Kijana mwenye Marfan abadilishiwaye miwani kila mara

Assalaam aleikum, dada. Umeeleza kwamba kijana wako ana ugonjwa wa Marfan (hali ya kuzaliwa nayo inayolegeza tishu zinazoshikilia viungo vya mwili), amebadilishiwa miwani mara kadhaa huko Malindi, na bado haoni vizuri ubaoni. Mimi si daktari, ila nina binti mwenye hali hiyo hiyo hapa Lamu.

Kabla ya kununua miwani nyingine, uliza kama aliwahi kutiwa matone ya kupanua mboni, kwa sababu kwa zaidi ya nusu ya wenye Marfan nyuzi zinazoshikilia lenzi ya jicho hulegea, lenzi ikateguka, mara nyingi kuelekea juu, na upimaji wa dukani unaweza usiligundue jambo hilo. Binti yangu alikuwa akiinamisha kichwa upande anaposoma msahafu. Mboni ilipopanuliwa, ukingo wa lenzi ulionekana kama mwezi mwandamo. Yeye alitoshwa na miwani. Wengine hufanyiwa upasuaji.

Mkataze ndondi na kujirusha baharini kutoka gatini, hata akinuna. Akiona vimulimuli, vidoa vingi vya ghafla au kivuli kama kinachofunika jicho, huenda retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, inabanduka: mpeleke siku hiyo hiyo, msingoje miadi.

Je, eko ya moyo, yaani kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, amefanyiwa? Isicheleweshwe kwa ajili ya macho, kwani kwa wenye Marfan mshipa mkuu wa damu utokao moyoni unaweza kutanuka bila maumivu yoyote.