Mkuu, usiikaze hiyo nondo kabla hujapima shingo

Mkuu, rudisha hiyo alenki (ufunguo wa pembe sita) kwenye droo kwanza. Unasema kesho jioni unakwenda kulipa laki tano na nusu kwa gitaa la umeme la mtumba, mtindo wa Stratocaster, nyuzi ziko juu mno kuanzia freti (vile vyuma vinavyokatiza shingo) ya 12, na muuzaji kakutuliza kwamba "ukikaza nondo ya shingo kidogo zitashuka zenyewe" (nondo ni ile fimbo ya chuma iliyopita ndani ya shingo). Ukauliza kama bei ni sawa, amplifaya gani inafaa chumbani, na ufunge nyuzi za unene gani. Hayo yasubiri. Nimeisoma hiyo kauli ya muuzaji mara tatu. Ndiyo hiyo hiyo niliyoambiwa mimi, na ilinila shingo nzima.

Gitaa langu lilikuwa la mtindo huo huo. Nilitoa laki sita taslimu, usiku, kwenye kibaraza chenye taa hafifu. Rangi haikuchubuka, pikapu (vinasa sauti) zote tatu zinalia, kichwani vishikio vyote sita vinazunguka laini. Kasoro ilikuwa moja tu: nyuzi ziko juu, ukishika kodi (chord) ya F vidole vinachora mitaro. Muuzaji akanipa na alenki juu yake kama zawadi. "Kaza kidogo kidogo mdogo wangu, zitashuka."

Nikafika nyumbani, nikaingiza alenki, nikakaza robo mzunguko. Nyuzi zikashuka kiasi cha unywele. Nikaona kumbe jamaa mkweli. Robo nyingine. Freti za mwanzo zikaanza kukoroma, nami nikatafsiri kwamba shingo bado haijanyooka, nikakaza tena. Alenki ikaanza kuteleza ndani ya nati ya nondo. Hapo ndipo pa kuacha, sikuacha. Nikaizungushia utepe ili ijae, nikaukamata mkia wake kwa plaizi, nikasukuma. Ukatoka mlio mmoja mfupi, mkavu, kama kijiti cha mbaazi kinapovunjwa. Baada ya hapo nati ikawa inazunguka tu, haishiki kitu. Nondo imekatika ndani ya mti.

Cheka ukitaka, mimi sikucheka. Nililiweka gitaa juu ya kitanda nikaliangalia mpaka adhana ya alfajiri.

Fundi aliyelifungua ndiye aliyenieleza, na haya ndiyo nataka uyashike kuliko yote. Shingo yangu haikuwa imepinda mbele. Ilikuwa imepinda kinyumenyume, yaani katikati imebinuka kuelekea kwenye nyuzi, tangu kabla sijainunua. Mwenye gitaa wa kwanza aliikaza nondo kupita kiasi. Katikati ikabinuka, nyuzi zikagusa freti za mwanzo, gitaa likakoroma. Badala ya kulegeza nondo, mtu akainua vile vidaraja sita vidogo vya kule chini, ambapo kila uzi umelalia chake, mpaka vikasimama kama vimevaa viatu vya kisigino. Mkoromo ukaisha, nyuzi zikawa mbinguni. Nikaja mimi, nikaona nyuzi juu, nikaenda kukaza kitu ambacho tayari kilikuwa kimekazwa hadi mwisho. Dawa ilikuwa upande wa pili kabisa: legeza nondo, shusha vidaraja. Kazi ya robo saa, bila senti.

Na ile alenki ya zawadi ilikuwa ya milimita 3. Nati ilikuwa ya inchi 1/8, sawa na milimita 3.175. Tofauti hiyo jicho halioni. Inaingia vizuri, inageuka vizuri, huku inakula pembe za nati moja baada ya nyingine. Gitaa lolote lenye nati ya inchi linadai alenki ya inchi, na lenye nati ya milimita vivyo hivyo. Alenki ikicheza hata kidogo ndani ya nati, si yake, itoe.

Hesabu yangu: shingo mpya iliyokuja na mtu kutoka nje, 480,000. Fundi, 60,000. Gitaa la laki sita likawa la 1,140,000, na nilikaa miezi miwili bila kupiga. Kilichoniokoa ni kwamba shingo za mtindo huu hufungwa kwa skrubu nne, unafungua na kubadilisha. Ingekuwa ile ya kugundishwa, kama kwenye magitaa ya Les Paul, nisingekuwa na gitaa tena.

Nilipompigia muuzaji alinijibu, "Hayo ni matumizi yako, mimi nilikuuzia zima." Bado yananichoma. Mtu anayeuza magitaa kila wiki akiona vidaraja vimesimama vile anajua kuna kitu kinafichwa chini yake. Alijua, na akanikabidhi alenki isiyo saizi yake ili kazi ya kuvunja niifanye mwenyewe, nyumbani kwangu, hela ikiwa mfukoni mwake. Huyo wako kesho akianza na "kaza kidogo tu", mwangalie machoni umuulize: "Umepima?"

Maana nondo haikuwekwa kwa ajili ya kushusha nyuzi. Seti ya kawaida ya nyuzi sita za saizi ya 10 (uzi mwembamba kabisa una unene wa inchi 0.010), ikishatyuniwa, inaivuta shingo kwa nguvu ya karibu kilo 45. Nondo ipo kushindana na mvuto huo, basi. Bwana Leo Fender mwenyewe, aliyeanzisha kampuni ya Stratocaster, mwaka 1950 alianza kutoa gitaa la Esquire bila nondo, akiamini mti wa mepo (maple) ni mgumu vya kutosha. Shingo zikapinda, akaiweka. Urefu wa nyuzi una mahali pake pa kurekebishia, na ni pale kwenye vidaraja.

Kesho fanya hivi. Gitaa lityuniwe kwanza. Akikuletea lenye nyuzi zilizolegezwa, hakuna unachopima hapo, mwambie atyuni. Likamate kama unavyolipiga, usililaze mezani. Bonyeza uzi mnene freti ya 1, na kwa mkono mwingine ubonyeze uzi huo huo pale shingo inapoungana na bodi. Sasa uzi wenyewe ni rula yako. Tazama pengo kati ya uzi na freti ya 8. Linatakiwa liwe robo milimita hivi, karatasi za kawaida za kuandikia mbili au tatu zikipangwa pamoja. Zikipita tano, shingo imeinama mbele, na hapo ndipo kukaza kunaweza kusaidia. Uzi ukilala juu ya freti bila pengo kabisa, na huku nyuzi ziko juu kule kwenye 12, umekutana na ugonjwa wangu. Rudia na uzi mwembamba. Pande mbili zikitofautiana sana, chungulia shingo kutoka kichwani kama seremala anavyochungulia ubao. Ikiwa imejipinda kama kamba inayosokotwa, nondo haitaponya hiyo.

Kisha omba ruhusa, weka alenki inayokaa sawasawa, na anza kwa KULEGEZA. Kinyume cha saa, robo mzunguko, si zaidi. Nati ikigoma kabisa, au ikiachia kwa mlio wa kukwaruza kana kwamba ilikuwa imefika ukutani, mtu alishaikaza mpaka mwisho. Ikizunguka huru, irudishe kulia taratibu mpaka ishike. Isiposhika popote, ndani hamna nondo nzima. Ikigeuka kwa uzito ule ule kwenda na kurudi, nondo bado ina maisha.

Hela haitoki mpaka nati imegeuka kushoto mbele ya macho yako. Akikukatalia, akasema utamharibia gitaa, mpe mkono uondoke. Gitaa zima haliogopi robo mzunguko.

Nunua basi seti ndogo za alenki, moja ya inchi na moja ya milimita, chukua karatasi tano mfukoni, na nenda mchana, si jioni. Ukishapima, rudi hapa uandike pengo la freti ya 8 kwa uzi mnene na uzi mwembamba, na nati imegeuka vipi. Nitakuwepo.