Saikolojia ya kiroho: anzia wapi ukiwa Bukavu

Mdogo wangu, umeuliza kama ukiwa na diploma ya serikali tu, ile ya kumaliza sekondari, unaweza kuingia moja kwa moja kwenye saikolojia ya transpasonali, yaani ile inayochunguza pia upande wa kiroho wa mtu. Usianzie huko. Fanya kwanza lisansi, yaani shahada ya kwanza, ya saikolojia. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo chake. Masomo ya saikolojia hii ya kiroho mara nyingi huja kwenye ngazi ya masta, tena kwa Kiingereza. Taasisi ya Alef Trust ya Uingereza, kwa mfano, hufundisha kwa intaneti pamoja na Liverpool John Moores University.

Na wanaokuambia ni ushirikina, wajibu hivi: tawi hili lilianza Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960, Abraham Maslow na Stanislav Grof wakiwa kati ya waasisi. Mwaka 1994 mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, DSM-IV, ukatambua kwamba mtu anaweza kuhitaji msaada kwa tatizo la kidini au la kiroho bila kuwa mgonjwa.

Hapa kwetu kazi ipo. Mama aliyefiwa na mtoto vitani anasikia sauti yake usiku. Mmoja atamwambia ni pepo, mwingine atampa vidonge vya usingizi. Aliyesoma vizuri atamuuliza: inasema nini? Inakutisha au inakuliwaza? Unakula? Unalala? Ndiyo maana nasisitiza saikolojia ya kliniki, ile ya kuwahudumia wenye matatizo ya akili, kwanza, ujue kutofautisha uchungu wa msiba na ugonjwa unaohitaji daktari.

Kabla ya kulipa ada, uliza kama cheti cha chuo unachokitaka kitatambuliwa Kongo.