Ukungu mweupe kwenye Spitfire

Waalaikumu salaam, ndugu yangu wa Chake Chake. Umesema Spitfire Mk I yako, mfano wa plastiki wa ndege ya kivita uliopunguzwa mara 72 (1/72), imeingia ukungu mweupe baada ya kuipulizia vanishi. Huo ni unyevu wa masika: thina (kimiminika cha kulainisha rangi na vanishi) ikikauka haraka hupoza rangi, na maji ya hewani yakanasa humo. Yangu iliharibika vivyo hivyo, niliumia sana. Usiikwangue! Ngoja siku kavu, upulize tena vanishi nyembamba. Mara nyingi ukungu huondoka. Jaribu kwanza kwenye kipande cha plastiki. Fungua madirisha, vaa barakoa ya kuzuia mvuke wa kemikali, watoto wakae mbali. Kifua kikibana, nenda hospitali.

Kuhusu vipimo ulivyouliza: mabawa ya ndege yenyewe, ncha hadi ncha, ni mita 11.23; gawa kwa 72, basi yako yawe milimita 156.