"Mwalimu, Tano Iko Wapi?"

Wiki iliyopita mhadhiri kijana aliyeko Mbeya aliniandikia: "Mwalimu, nimepangiwa somo la usanifu wa vifaa. Nataka wanafunzi wangu wasiwasahau watu wenye ulemavu. Nianzie wapi?" Nilimjibu mistari miwili, lakini usiku sikulala vizuri. Namjibu tena hapa, maana najua wengi wenu mnaofundisha uhandisi mna hamu hiyohiyo.

Nianze na aibu yangu. Mwaka 2016 nilisimamia kundi la mwaka wa 4 lililotengeneza mita ya umeme ya mfano. LUKU mnaijua: unanunua umeme, unaletewa tarakimu 20, unazibonyeza moja baada ya nyingine. Vijana wangu wakaona vibonye vimepitwa na wakati, wakaweka kioo cha kugusa. Kilipendeza kweli, nikawapa alama za juu.

Siku ya maonesho nikamwalika jirani yangu, mwalimu mstaafu asiyeona. Nasema kweli, nilimwalika ili tupige naye picha. Yeye akaomba kuijaribu mita. Akapitisha vidole juu ya kioo kutoka kushoto kwenda kulia, taratibu, kama anayesoma nukta nundu, kisha akarudi kushoto. Kila alipogusa, kioo kiliandika tarakimu. Mwisho kikalia mlio wa kosa. Akageuka upande wangu: "Mwalimu, tano iko wapi?"

Kwenye mita ya nyumbani kwake, kibonye cha 5 kina kinundu kidogo. Kidole kikishakipata, namba zote zimepatikana: 2 juu yake, 8 chini, 4 na 6 ubavuni. Mzee yule alikuwa anajiwekea umeme mwenyewe. Sisi, wasomi, tulikuwa tumemtengenezea mita ambayo lazima amwite mjukuu. Hakuna mwanafunzi aliyeuliza kwa nini kile kinundu kipo, wala mimi sikuuliza, na nilikuwa na shahada mbili.

Nilipotaka jambo hili liingie kwenye mtaala, mkubwa mmoja kazini alinijibu mbele ya kikao kwamba hayo ni mambo ya ustawi wa jamii, si ya uhandisi. Neno lile linaniuma mpaka leo. Mteremko wa njia ya kiti cha magurudumu, kupanda 1 kwa kila 12 za urefu, ni hesabu. Maandishi ya kawaida kwenye skrini yapishane mwanga na rangi iliyo nyuma yake angalau 4.5 kwa 1. Nayo ni hesabu. Na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu 2010. Kama hiyo si kazi ya mhandisi, ni ya nani?

Vikao navipita. Nilipopewa nafasi hatimaye, nikakosea tena: niliwafunga wanafunzi vitambaa machoni, nikawaambia watembee koridoni. Walitoka na hofu. Mmoja akaandika kwenye ripoti kwamba yeye angepofuka asingetamani kuishi. Jirani yangu amefundisha miaka mingi, amelea watoto, amejenga. Vitambaa nikavitupa. Usiwafundishe vijana kuogopa giza, ndugu yangu. Wakutanishe na mtu anayelijua.

Na umwite wiki ya kwanza, kabla hawajachora chochote. Ukimwita mwishoni atakuwa mgeni wa kupigwa picha, kama nilivyofanya mimi. Mlipe posho ileile ya mhadhiri mgeni, maana amekuja kufundisha. Huko uliko kuna vyama vya watu wenye ulemavu. Nenda kwa miguu yako, usitume barua. Kwenye maabara weka NVDA, kisoma skrini cha bure, yaani programu inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye kompyuta, kilichoanzishwa Australia mwaka 2006 na vijana wawili wasioona. Chomoa kipanya, zima skrini, waambie wanafunzi watume kazi zao hivyo. Lakini hilo lisichukue nafasi ya mtu. Mwite mtu.

Muhula huu vijana wangu walirudisha vibonye na kinundu chake, wakaongeza sauti ya Kiswahili inayotaja tarakimu na salio. Nilijivuna. Mzee akasikiliza, akauliza kwa nini majirani wote wasikie amebakiwa na uniti ngapi. Wakaweka tundu la spika za masikioni. Mama mmoja anayetumia kiti cha magurudumu alinyoosha mkono hadi ukutani, akaonesha wapi mkono wake unaishia. Mita ikashushwa hadi pale.

Juzi mzee aliingiza tarakimu zote 20 bila kumuuliza mtu. Umeme ulipoingia alikaa kimya kidogo, kisha akasema sauti inaimeza "nne", inasikika kama mguno tu. Vijana wako maabara sasa hivi, wanairekodi upya.