Nilivyoipima dawa ya mizizi kwenye goti langu

Ndugu, umeuliza kama dondoo la mizizi ya Harpagophytum procumbens, mmea wa dawa, linatibu osteoathritisi, kwa kuwa mama yako amelitumia wiki tatu na anasema goti limepoa. Mimi nina ugonjwa huu wa kulika kwa gegedu, yaani tishu inayofunika ncha za mifupa kwenye viungo, kwa mwaka wa tisa sasa, na dondoo hilo hilo nimelijaribu mara mbili.

Mara ya kwanza nililianza wakati siwezi kushuka ngazi bila kushika ukuta, nikapata nafuu, nikaamini kabisa. Daktari wangu ndiye aliyenionyesha nilipokosea: maumivu haya hupanda na kushuka yenyewe, na mtu hukimbilia dawa yakiwa yamezidi, hivyo chochote atakachomeza siku hizo kitasifiwa kwa nafuu ambayo huenda ilikuwa njiani. Tena matumaini nayo yana nguvu kubwa. Katika utafiti wa glukosamini na kondroitini, virutubisho vinavyotumiwa kwa maumivu ya viungo, uliochapishwa Marekani mwaka 2006, wenye wagonjwa 1,583, takriban asilimia 60 ya waliopewa plasebo, yaani vidonge visivyo na dawa, walipungukiwa na maumivu ya goti kwa angalau moja ya tano.

Mara ya pili, kwa ushauri wa daktari huyo, nilimwomba mfamasia ajaze kapsuli za aina mbili zisizotofautika kwa macho, nyingine zikiwa na dondoo na nyingine unga mtupu, kisha anipe kwa vipindi sita vya wiki nne nne, kwa mpangilio ambao aliuficha mpaka mwisho. Kapsuli ilikuwa ya lazima, kwa sababu mizizi hii ni michungu na ulimi ungefichua siri. Kila jioni niliandika maumivu kwa alama kuanzia 0 hadi 10, dakika za ukakamavu wa asubuhi, na idadi ya parasetamoli nilizomeza, maana bila hesabu hiyo ningeweza kuisifu mizizi kwa kazi ya parasetamoli. Wiki ya kwanza ya kila kipindi sikuihesabu, ili mabaki ya kipindi kilichotangulia yasivuruge matokeo.

Siri ilipofunuliwa, tofauti ya wastani ilikuwa nusu alama tu, na kipindi changu kizuri kuliko vyote kilikuwa cha unga mtupu. Niliumia moyo, kwa kweli. Hata hivyo hilo ni goti langu, na halitoshi kumhukumia mama yako.

Kabla hajaendelea, mweleze daktari wake dawa zote anazotumia, hasa kama ni warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na kama ana vidonda vya tumbo au mawe kwenye kifuko cha nyongo, kwa kuwa dondoo hili halishauriwi kwa watu wa hali hizo. Soma pia kama pakiti inataja kiasi cha harpagosaidi, kemikali iliyomo kwenye mizizi hii, kwa sababu uzito wa unga wa mizizi peke yake hauelezi nguvu ya dawa. Mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja asiyaache wakati wa jaribio, kama atajipima kama mimi, wala asiyaanze katikati yake, la sivyo hamtajua kilichomsaidia ni kipi.